Mtori wa Mzazi

Mimi nilimbebea mtu mimba, na sijutii. Mwenye mtoto ni Mchaga mwenzangu, nesi huko Ujerumani, kazi za ugenini zimemla ujana wote. Yai na mbegu vyao, tumbo langu. Nilisaini kwa mkono wangu, na malipo yake yamenijengea nyumba ya matofali hapa Usa River. Anayetaka kuninanga aje nimwonyeshe bati.

Kilichonichoma ni kilichofuata. Kwetu mwanamke akijifungua hashiki kazi. Miezi mitatu yuko ndani, mama mkwe anampikia mtori, ndizi zilizopondwa na nyama mpaka kijiko kinasimama. Mimi siku ya nane nilikuwa nimesimama shamba la maua nafunga mawaridi, maana ofisini walisema likizo ya uzazi inataka kadi ya kliniki ya mtoto. Mtoto gani sasa? Maziwa yalikataa kukauka, nikaikaza kanga kifuani chini ya ovaroli.

Halafu dereva wao, aliyekuwa akinipeleka kliniki, akaniambia mwenzangu, yule nesi, yuko Themi kwa wakwe, kalazwa kitandani, anapikiwa mtori. Ukoo mzima umeambiwa kajifungua yeye! Miezi yote alikuwa Ulaya, nani angejua? Loh, hapo nilishindwa. Pesa alinilipa, sawa, lakini uzazi wangu sikumuuzia. Nilitaka mtu mmoja tu anitambue kwamba nimezaa.

Jumapili nikaenda. Mama mkwe wake ndiye aliyefungua mlango.

"Shikamoo mama. Nimekuja kumwona mzazi."

"Marahaba mwanangu, pita."

Mwenzangu aliponiona macho yalimtoka, bakuli la mtori likiwa mikononi. Nilijua anachoogopa: neno langu moja tu, na kwa wakwe ataitwa tasa mpaka kufa. Nilikwenda na maneno yangu tayari, makali kweli kweli. Nilipomwona vile nikayameza, nikaketi kando ya kitanda.

Mtoto akalia. Kanga ikalowa, gauni likalowa, mbele ya yule mama.

Akanitazama kifuani. Akamtazama mkwewe, akaitazama chupa ya maziwa ya kopo iliyokuwa mezani. Mkwewe akainamisha kichwa. Yule mama alilichukua lile bakuli mikononi mwa mkwewe, akaniwekea mapajani.

"Kula, mzazi," akasema. "Nani amekuruhusu kutoka nje?"