Sina Ndugu Huyo

Matapeli walimpigia mama simu kwa mara ya kwanza akiwa anachambua mchele kwenye kibaraza cha nyumba yetu, Ilala. Mwanamume mwenye sauti nzito alijitambulisha kuwa ni askari polisi. Akasema nimekamatwa Kariakoo na mzigo wa wizi, na kama mama anataka niachiwe, atume hela upesi kwenye namba atakayopewa. Mama aliacha mchele kwenye ungo akatoka mbio. Alikuwa ameshafika kwa wakala wa kutuma pesa nilipompigia, bahati tu, kumuuliza kama ninunue nazi.

"Uko wapi?" aliniuliza.

"Dukani, mama. Nampimia fundi zipu."

Nikamsikia analia.

Tangu siku hiyo nikamfanya mama mwanafunzi wangu. Jioni tukishakula nilijifanya tapeli: leo polisi, kesho daktari, keshokutwa mtu wa kodi. Nilimtisha, nikambembeleza, naye alitakiwa ajibu kwa mkato na kukata simu. Mwanzoni alishindwa. Nikimtajia ndugu aliyeumia alikuwa anauliza, "Kaumia wapi?"

"Ukishauliza tu, umekwisha," nilimkemea. "Wakikutajia mtu yeyote, sema sina ndugu huyo, kata."

Aliona ni maneno mabaya kuyatamka. Nilimlazimisha mpaka mdomo ukayazoea.

Mama ana mdogo wake wa kiume, mjomba wangu, ambaye wakati huo alikuwa anasukuma mkokoteni wa mizigo sokoni na amepanga chumba Jangwani. Kwetu alikuja kwa nadra. Alihisi tunamwonea haya kwa kazi yake, hasa mimi mwenye duka la vifungo na nyuzi Kariakoo. Sikuwahi kufanya lolote la kumwondolea hisia hiyo.

Siku moja, mvua imenyesha tangu alfajiri, mama alinipigia dukani. Sauti yake ilikuwa na furaha.

"Wamenipigia tena," alisema. "Safari hii eti ni trafiki, mjomba wako kagongwa na gari, yuko hospitali. Nikamwambia, sina ndugu huyo, tafuta mjinga mwingine. Kapiga tena, nikamjibu vilevile. Baadaye sikupokea kabisa."

"Safi sana, mama," nikasema.

Niliwasimulia hadi wateja, nikijisifu kwa kazi niliyoifanya. Mteja mmoja aliyekuwa anachagua lesi akaniuliza kama nimempigia huyo mjomba kuhakikisha. Nikampigia palepale, mbele yake. Hakupatikana. Nikasema labda simu imeisha chaji, kwa mvua ile huenda Jangwani hakuna umeme. Mteja akalipia lesi yake akaondoka, nami sikupiga tena.

Kesho yake alikuja dukani msukuma mkokoteni anayefanya kazi na mjomba. Alisimama mlangoni, maji yanamchuruzika.

"Dada, mbona hamjaenda kumwona mzee?" aliuliza. "Gari lilimgonga jana asubuhi. Simu yake ilisagika palepale. Namba aliyoikumbuka kichwani ni ya mama yako tu."

Nilifunga duka. Nilipita kumchukua mama, tukapanda bajaji.

Mjomba alikuwa kwenye machela koridoni, mguu umefungwa, fulana ina tope lililokauka. Wagonjwa wengine walikuwa na mashuka ya nyumbani na vyombo vya chakula. Yeye alikuwa na kikombe cha chai alichopewa na nesi. Mama akamshika mkono. Mjomba hakuuvuta, lakini wala hakuufumbata mkono wa dada yake.

"Yule trafiki aliweka spika, dada," alisema taratibu. "Alitaka niongee na wewe mwenyewe. Nilikusikia."

"Nilidhani ni matapeli, mdogo wangu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali udhuru ili mazungumzo yaishe. Nilingoja mama aseme ni nani aliyemfundisha. Hakusema. Alianza kumfuta tope kwa ncha ya kanga, na nilipoona haniangalii nikajua hatasema kamwe.

"Mjomba," nikasema, "maneno yale ni yangu. Mimi ndiye niliyemlazimisha."

Alinitazama. "Na wewe ulipoambiwa, ulinitafuta?"

"Nilipiga mara moja."

"Haya," akasema. Akageukia ukutani.

Alipotoka hospitali tulimleta Ilala. Mguu uliunga vibaya, mkokoteni akauacha. Sasa anauza kahawa karibu na nyumbani. Matapeli bado wanapiga, kwa majina ya ofisi za kila aina, na mama bado anakata. Ila nimemfundisha ile nusu niliyoisahau: ukishakata, mtafute mtu wako kwa namba unayoijua wewe, asipopatikana mtafute jirani yake, au nenda mwenyewe kituoni au hospitali. Hela usitume, namba ya siri usimtajie mtu. Lakini usikae.

Mama na mjomba wamerudi kuwa kama zamani. Jioni nikitoka Kariakoo nawasikia kibarazani wanacheka habari za utoto wao. Nawaamkia, wananiitikia, mjomba ananisogezea kigoda. Ananiuliza biashara imekwendaje, nami namjibu. Halafu anageukia kahawa yake, na kicheko hakirudi mpaka niingie ndani.