Coolant: siku gari ilichemka nikimpeleka mama mkwe hospitali Homa Bay

Wakuu, habari za huko mliko. Hii nawaeleza vile ilitokea, siongezi chumvi.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikifundisha Migori. Nilikuwa na gari, saloon ya mtumba. Aliyeniuzia alisema injini yake haichagui, maji yoyote ni sawa. Basi nikawa najaza rejeta maji ya kisima.

Asubuhi moja shemeji akapiga simu ya shule. Mke wangu Akinyi amelazwa Homa Bay, mtoto amekaa vibaya tumboni, wanamwandaa kwa operation. Anaomba kitu kimoja tu: mama yake.

Mama mkwe alikuwa anaishi Rangwe. Nikamkuta kwa gate na kikapu, tayari. Akakaa kiti cha nyuma, maanake kwetu hukai bega kwa bega na mama mkwe. Tukaondoka.

Kabla ya Rodi Kopany nikaona mshale wa temperature uko kwa red. Nikazima injini hapo hapo. Kuinua bonnet, mvuke!

Jamaa wa baiskeli akasimama na mtungi wa maji. "Fungua rejeta nimwage, utachelewa!"

Nikachukua kitambaa, mkono ukafika kwa kifuniko. Wakuu, bibi yako akingoja kupasuliwa, akili haiko.

Mama mkwe akafungua mlango. "Mwalimu, wacha! Hiyo itakutoa macho. Akinyi anataka mama, lakini mtoto naye atataka baba."

Nikatoa mkono.

Tukangoja ipoe. Yeye amekaa kwa nyasi upande ule, mimi huku, anaomba polepole kwa Dholuo. Sijawahi kungoja kitu hivyo.

Ilipopoa nikafungua kifuniko, nikawasha injini, nikaongeza maji ya ule mtungi kidogo kidogo. Tukaendelea polepole, heater imewashwa ivute joto la injini, madirisha wazi. Jua kali, na mama wa watu anajifuta jasho na leso bila kulalamika.

Tulimpata Akinyi kwa stretcher, karibu aingizwe. Alipomwona mama yake akalia, halafu akatulia kabisa.

Baadaye nurse akatoka. "Baba ni nani? Ni msichana. Wote wako sawa."

Nilikaa chini kwa corridor nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kesho yake nikapeleka gari kwa fundi mmoja hapo mjini. Alipofungua rejeta, kilitoka kitu kama chai ya rangi, kutu tupu. Tukaosha na maji safi mpaka yakatoka meupe.

Kwa duka la spare kulikuwa na jerrican ya coolant, yale maji ya dawa ya kupoza injini, ya kijani, haina label, bei ya chini. Na kulikuwa na chupa yenye seal, imeandikwa inafaa injini yenye head ya aluminium kama yangu. Nikachukua chupa. Tukachanganya nusu kwa nusu na distilled water, tukajaza injini ikiwa baridi, tukaiacha ingurume kifuniko wazi mpaka mapovu yakaisha.

Siku ya kuwarudisha Akinyi na mtoto nyumbani, mshale ulikaa katikati mpaka Migori. Bado niliutazama njia nzima.

Nilichojifunza: rangi ya coolant si hoja, soma chupa na kitabu cha gari. Usichanganye aina usizojua. Na rejeta ya moto usiiguse, hata kama unachelewa wapi.

Wenye magari ya zamani, nyinyi mnaweka gani, na mnabadilisha baada ya muda gani? Leteni maoni, hata ya kunipinga.