Leso Niliyomfunika Mpiga Fidla

Mpaka leo nikipita karibu na ukumbi ule wa shule, hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, nazungukia nyuma, maana mbele ndipo nilipojiaibisha. Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshacheka mpaka nimechoka.

Ilikuwa miaka ile gesi imeonekana baharini, wageni wamejaa, kule Afungi inajengwa kambi ya gesi, na kila mwenye chochote cha kuwaonyesha wageni anakionyesha. Sisi wanawake wa mtaa wetu tuna kikundi cha tufo, ngoma yetu ya kina mama ya kuimba na kuitikiana, na mimi ndiye ninayeimbisha. Tukaambiwa wanaletwa wapiga fidla kutoka Ulaya, watapiga alasiri, wakimaliza tutacheza sisi, na mama mmoja wa kigeni, mkubwa wa kambi ile, akipendezwa atatuchukua tuwachezee wageni kila Jumamosi. Basi tukashona sare, tukajipaka msiro, ule urembo mweupe wa usoni, na mimi kwa kimbelembele changu nikaamua tukae safu ya kwanza ili mama yule atuone vizuri.

Mwalimu Abudo, aliyekuwa akitafsiri, akasema muziki wa kwanza ni wa zamani sana, aliyeutunga hata mifupa yake haipo, na wa pili ni wa sasa, mtungaji ndiye yule mzee wa shati jeupe. Saida, mwenzangu wa ngoma, akaninong'oneza kuwa wa sasa ndio utakuwa mtamu, ule mwingine umeshachakaa. Haukuchakaa hata kidogo. Fidla moja inauliza, nyingine inajibu, kama tunavyoitikiana sisi, mpaka nikajikuta natikisa mabega.

Ukaja wa sasa. Fidla inakwaruzwa, inagongwa ubavuni, hakuna pa kuitikia, ukidhani umeushika umeshakukimbia (mimi nilijua wanatengeneza nyuzi, kumbe wameshafika katikati). Halafu binti mwenye fidla kubwa, ile ya kubanwa na magoti, akasimamisha upinde hewani, wenzake nao kimya. Nikangoja. Kimya. Jasho linamtoka, macho yameganda, na moyo ukanienda mbio, maana hali ile naijua, ni kusahau wimbo mbele za watu. Na kwetu mwimbaji akikwama haachwi: mwenzake huinuka, humfunika leso mabegani, humfuta jasho, na wengine hupiga vigelegele mpaka maneno yamrudie.

"Mtoto wa watu kasahau," nikamwambia Saida.

"Sasa unangoja nini, dada? Mwendee."

Nikamwendea. Nikamfunika leso yangu, nikaanza kumfuta jasho, akashtuka, upinde ukamponyoka, wenzangu wote na nyuso zao nyeupe wakapiga vigelegele, ncha ya leso ikazoa karatasi zao za muziki, feni ikazipokea, nyingine zikatua mapajani kwa yule mama, mkubwa wa kambi, na mimi bado nampigapiga binti mgongoni, namwambia pole mwanangu, itakuja.

Mwalimu Abudo akafika mbio. "Mama Anshia," akasema polepole, "hajasahau. Kimya kile kimetungwa."

"Kimetungwa na nani?"

Akanionyesha mzee wa shati jeupe, ameshika kichwa.

Nilitamani ardhi ipasuke. Wakaanza upya tangu mwanzo, na kimya kilipofika tena, ukumbi mzima ukaniangalia mimi. Walipomaliza, magari ya kambi yalikuwa yanawasubiri wageni, wakapanda wakaenda zao. Tufo haikuchezwa, na zile Jumamosi hazikuja. Wenzangu walininunia, na iliniuma kweli, maana tulikuwa tumejiandaa kwa moyo wote.

Ila kabla hajaondoka, yule binti alinifuata na leso ameikunja. Akasema, Abudo akitafsiri, kwamba pale kwenye kimya watu huwa wanakohoa tu, na mzee alikitunga ili watu waingiwe na hofu, na siku ile ndiyo mara ya kwanza mtu kuingiwa nayo kweli. Nikamwambia leso akae nayo. Muziki wa zamani naupenda zaidi mpaka kesho, lakini ulionitoa kitini ni ule wa sasa.

Nikaapa: muziki wa wageni, hata mpigaji azimie, siinuki mpaka nimuulize mwalimu. Lakini kiapo hakijanisaidia. Siku hizi tukicheza tufo harusini, nikinyamaza kidogo tu nivute pumzi, Saida anainuka na leso, ananifunika taratibu mbele ya harusi nzima, anasema, "Pole, dada, itakuja."