Taa Iliyotoka Bila Mtu

Kule Masara, wachimbaji wa shimo la dhahabu nililolijua mimi hawamiliki taa za kichwani mmoja mmoja. Taa ni za shimo. Mtu akishuka hupewa moja, na ikififia huko chini huivua, huitia kwenye gunia la mawe, na kamba huipandisha. Juu hutafutwa nyingine yenye chaji, nayo hushushwa kwa kamba hiyo hiyo. Muda wote huo mwenyewe yuko chini, anaazima mwanga wa mwenzake au amekaa gizani akisubiri. Kwao ni jambo la kawaida kiasi kwamba hakuna aliyefikiria kunieleza.

Mimi ni mtu wa Rusinga, lakini naishi Homa Bay mjini, katika chumba kilicho juu ya duka la misumari na mabati la mzee Mwislamu aliyetoka Garissa. Sisi wapangaji wake tunamwita Hajji. Humo ndimo ninamotengenezea programu za simu. Watu wa shimo walinitafuta baada ya shimo la jirani yao kubomoka na watu wakabishana kutwa nzima ni akina nani waliobaki ndani. Walitaka simu ambayo ingejua. Nikawatengenezea programu: kila mchimbaji ana kibandiko chenye alama, simu inakisoma akishuka na inakisoma tena akipanda. Niliwaambia wakibandike kwenye nguo. Wakanicheka, kwa sababu chini kuna joto na mashati huvuliwa. Wakavibandika kwenye taa, na mtu akipewa taa simu inaandika jina lake kwa alama ya taa hiyo. Mimi nikaona ni akili nzuri.

Simu ilishikwa na mwanamke aliyekuwa akiponda mawe hapo awali, na ambaye mume wake alichimba katika shimo hilo hilo. Kwa kuwa alizaliwa Kosele, kila mtu alimwita nyar Kosele, yaani binti wa Kosele, na yeye akaniita nyar Rusinga. Ndiye aliyenipigia.

"Nyar Rusinga, simu yako imesema mzee wangu ametoka," aliniambia. "Na hajatoka. Ni taa yake imetoka."

Nilicheka kwanza. Halafu nikaelewa alichosema. Kila siku gunia lilikuwa likipandisha taa, naye anaisoma, maana asipoisoma simu inakataa taa hiyo ipewe mtu tena, na kila mara, mpaka mwenyewe ashushiwe taa nyingine, simu inamwandika mtu aliye chini ya ardhi kuwa yuko juu anaota jua. Nilimwuliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Akasema nao hawakujua kwamba mimi sijui.

Dawa yake ilikuwa ndogo. Simu ikisoma kibandiko kinachopanda, iulize: ni mtu au ni taa? Ukijibu taa, mtu anabaki kwenye orodha ya walio chini. Niliiandika asubuhi moja, siku ambayo umeme ulikatika ukarudi, na mtandao ukapotea hadi mchana. Nikaijaribu kwenye kioo cha kompyuta, ambako faili husomwa moja kwa moja kabla ya kufungwa, na swali likatokea vizuri kabisa. Nilifurahi. Mtandao uliporudi nikabadilisha namba ya toleo, nikafunga kifurushi, nikamtumia nyar Kosele.

Hapa nieleze kidogo. Programu haiendi kwenye simu ilivyoandikwa. Unaandika maneno yako katika faili nyingi, kisha kuna zana inayoyasoma, kuyageuza kuwa lugha ya mashine na kuyafunga pamoja katika kifurushi ambacho simu inaweza kupokea. Zana yangu ilikuwa ya zamani, na ujanja wake ulikuwa uvivu. Hutazama saa iliyoandikwa kwenye kila faili, ikailinganisha na saa ya kazi yake ya mwisho. Faili ambayo haijaguswa tangu wakati huo huipita tu, na kuchukua kile ilichokigeuza zamani. Ukiwa na kompyuta kuukuu kama yangu, uvivu huo unaushukuru.

Nyar Kosele alipokea toleo jipya. Akanipigia akasema haliulizi kitu. Nikamwambia aangalie namba. Akanisomea namba, na ilikuwa ile mpya. Nikamwambia afute programu aiweke upya. Akafanya hivyo, na ikawa vile vile. Mimi si mtu mvumilivu, na wasiojua kompyuta hunimaliza haraka, kwa hiyo nilimwambia kwa ukali kidogo kwamba swali lipo, nimeliona kwa macho yangu, labda anabofya haraka mno. Hakubishana. Alisema ataendelea kujaribu. Baadaye nilijua kwamba kila taa iliyopanda aliisoma pole pole, akiisubiri simu imwulize.

Nikarudi kwenye kompyuta nikiwa na hasira. Nilifunga kifurushi tena, na zana ikaniandikia ile sentensi yake ya upole kwamba kila kitu kiko sawa na hakuna jipya la kufanya. Nilibadilisha mipangilio. Nilisoma kumbukumbu za kazi yake mstari kwa mstari, na hapakuwa na kosa hata moja. Kosa linalojitangaza ni rafiki yangu. Huyu asiyesema kitu ndiye anayenitoa jasho. Njia ya uhakika ingekuwa kufuta kila kitu na kuanza upya, lakini hapo ningelazimika kupakua mizigo yote ambayo zana inategemea, kwa mtandao wetu ambao hukatika kabla hata mzigo mmoja haujafika, na mara nyingine ukishafuta huwezi kurudi hata mahali ulipokuwa. Niliogopa kubaki mikono mitupu. Kwa hiyo niliizunguka njia hiyo, siku baada ya siku.

Hajji alipanda kuniletea chai, akaniona nimeshika kichwa, akaniuliza nani amekufa. Nikamjibu hakuna aliyekufa. Akaketi kidogo akiitazama mashine yangu, akasema yeye hajawahi kuona kitu kinachomgombeza mtu bila kutoa sauti. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Hatimaye niliacha kuiuliza zana, nikakifungua kifurushi chenyewe kama mtu anavyopasua samaki. Nikatafuta ndani yake maneno ya swali langu. Hayakuwemo. Namba mpya ilikuwemo, swali halikuwemo. Mwanamke yule alikuwa ameniambia kweli tangu mwanzo, nami nimempandishia sauti.

Nikaitazama faili ya swali, nikaangalia tarehe yake. Ilisema iliandikwa miaka mingi nyuma, wakati mimi bado niko shule ya msingi. Nilikaa nikaitazama tarehe hiyo mpaka ikaniingia akilini. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo kama kifungo cha koti, kazi yake ni kuilinda saa umeme unapokuwa haupo. Ya kwangu ilikuwa imekufa. Umeme ulipokatika asubuhi ile, saa ilirudi nyuma miaka chungu nzima. Kwa kawaida mtandao huisahihisha mara moja, ndiyo maana sikuwahi kuona tatizo, lakini asubuhi ile mtandao haukuwepo. Niliandika swali katika mwaka wa uongo. Mchana mtandao ukarudi, saa ikajirekebisha, nami nikabadilisha namba ya toleo katika mwaka wa kweli. Zana ikaangalia: namba ni mpya, ichukuliwe. Swali ni la kale, lipitwe.

Niliigusa faili ipate saa ya leo, nikafunga kifurushi, nikakipasua. Swali lilikuwemo. Nikampigia nyar Kosele, simu haikupatikana. Mtandao wa Masara siku nyingine hauwezi kubeba hata salamu, sembuse kifurushi kizima. Ningeweza kungoja jioni. Lakini nilikuwa na aibu, na aibu yangu huwa inanituma miguu. Nikakiweka kifurushi kwenye simu yangu, nikamwomba Hajji aniangalizie mlango, nikaondoka kwenda Migori na kutoka hapo hadi Masara.

Nilijua kuna jambo kabla sijaliona shimo. Mashine za kusaga mawe zilikuwa zimezimwa. Masara bila mashine zile ni kimya ambacho sikuwahi kukisikia. Watu walikuwa wamesimama, wengi, sururu na koleo zimelala chini. Upande mmoja wa mdomo wa shimo ulikuwa umeporomoka na magogo yaliyoshikilia ukuta yamejitokeza kama mbavu.

Nilielezwa haraka. Wachimbaji walikuwa wamepanda kula. Ukuta ukaanguka nyuma yao. Walianza kuchimba kwa nguvu zote bila kujua wanamtafuta nani, udongo ukawa bado unamomonyoka, na ndipo mwenyekiti wa shimo akachukua simu akaitazama. Simu ikasema hakuna mtu chini. Mtu mmoja akaongeza kwamba kweli, hata mume wa nyar Kosele amemwona akielekea kijitoni kuoga. Wakaacha kuchimba.

Nyar Kosele alikuwa amesimama mbele ya mwenyekiti. Mwenyekiti ni Mkuria, na pale shimoni watu huongea Kiswahili ili wote wasikie.

"Yeye ndiye alikuwa anangoja taa," nyar Kosele alisema. "Hiyo yake nilisoma mimi, ikapanda na gunia. Hatukuwa na ingine iko na charge. Chakula yake iko hapa, hajakula."

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Sauti yake ilikuwa imechoka. Alimwonyesha kioo cha simu, akamwambia ni mkono wake mwenyewe uliomwandika kuwa ametoka, na kwamba hawezi kuwaingiza vijana wa watu chini ya ukuta unaoanguka kumtafuta mtu anayeoga. Alikuwa ameshamtuma mtu kijitoni.

Nilipenya hadi mbele. 

"Chairman, hiyo simu haijui," nilisema. "Kitu ilitoka ni taa. Mtu ako ndani."

Akanitazama kama asiyenifahamu. "Si ni wewe ulituambia tuiamini?"

"Ni mimi. Na sasa nakuambia usiiamini."

Sijui kama ni maneno yangu yaliyomgeuza au ni yule aliyetumwa kijitoni, ambaye alikuja akikimbia huku akitikisa kichwa toka mbali. Aliyeonekana akienda kuoga alikuwa mwingine, mwenye fulana inayofanana. Mwenyekiti aliokota sururu yeye mwenyewe, akawa wa kwanza kuingia.

Nyar Kosele hakulia. Aliketi kando ya kamba, mahali pake pa kila siku, simu akiwa ameiweka chini kifudifudi. Nikaketi karibu naye kwa sababu sikujua pa kwenda. Kila baada ya kitambo mwenyekiti alipiga kelele watu watulie, kisha anagonga mwamba kwa nyundo na kusikiliza. Mchimbaji mzee aliyekuwa karibu nasi alinieleza kwamba kule chini sauti ya mtu haifiki popote lakini mgongo wa jiwe hubeba kila pigo, na kwamba aliyefukiwa huwasikia wanaochimba muda mrefu kabla wao hawajamsikia. Walisikiliza. Hapakuwa na aliyewajibu.

Walimfikia kabla jua halijazama. Alikuwa kwenye tawi la pembeni la shimo, mahali ambapo ukuta haukuanguka kabisa. Udongo ulikuwa umeziba tu njia. Hakuwa na jeraha. Alikuwa ameketi ameegemea mwamba, patasi mkononi, na jiwe lililokuwa mbele yake lilikuwa na alama nyeupe nyingi za kugonga, zimejaa mahali pamoja. Kilichomuua ni hewa kwisha. Waliompandisha walisema mwili ulikuwa na joto bado, kisha mmoja akamkanya mwenzake anyamaze maana mke wake anasikia.

Nilichukia kila kitu siku ile. Niliichukia betri ya ukubwa wa kifungo, nikaichukia zana yangu na upole wake, nikamchukia yule aliyeona fulana. Mwenyekiti alinijia, akanishika bega, akasema nisiondoke kwanza, kuna giza linakuja. Nilitamani anitukane.

Nilienda mazishini, nyumbani kwa marehemu. Nilibeba maji pamoja na wanawake wengine, nikaosha sahani, nikakwepa kukaa mahali ambapo nyar Kosele angeweza kuniona. Lakini watu walipoanza kupungua alinifuata nyuma ya jiko nilipokuwa, akaketi kwenye mtungi wa plastiki uliopinduliwa, akaipanga leso yake magotini. Nilianza kumweleza habari za saa na faili. Nilikuwa nimezitayarisha njia nzima. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

Kisha akaniuliza, kwa Kiluo na kwa sauti ya chini kama anayeuliza bei ya kitu, "Walipoacha kuchimba, alisikia kwamba wameacha?"

Nikamwambia hakusikia. Nikamwambia mahali alipokuwa palikuwa mbali, udongo ulikuwa mzito, na hakuna sauti ingeweza kumfikia. Nilisema hayo yote bila kumeza mate.

Alinishika mkono, akanishukuru. Yeye amekaa kwenye mdomo wa shimo lile miaka mingi kuliko mimi, na anajua vizuri sana kinachosikika kule chini.