Majirani wa Bwana Shamba

Enzi zetu, na ninyi mliosoma kwa kukalia matofali mtaniunga mkono, samaki alikuwa mboga. Hakuna aliyeuliza samaki anapenda kuishi na nani. Aliishi na nyanya na chumvi ndani ya chungu, basi. Kwa hiyo siku kaka yangu Deo alipotoka mtoni na furu hai kwenye ndoo, akatangaza kwamba huyu haliwi, watu wa kijiji chetu pale Mugoma walimsikitikia mama.

Tulikuwa bado wageni katika kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi paredi, migomba yetu ya zamani tumeiacha kule mlimani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na hodhi la kuogea, lile refu la chuma lenye rangi nyeupe. Mapadri walilitupa walipokarabati nyumba yao, baba akalibeba na wenzake ili anyweshee mbuzi. Mbuzi walikataa katakata. Nadhani walisikia harufu ya sabuni. Deo akaziba tundu lake kwa gunzi na nta, akatia mchanga, mawe na majani ya mtoni, akamwachia furu wake humo.

Alikuwa samaki wa kiganja kimoja, wa kijani kinachogeuka dhahabu juani, ncha ya mkia nyekundu. Tulimwita Bwana Shamba, kwa sababu kila asubuhi alizunguka hodhi zima akikagua mipaka, kisha akasimama mbele ya jiwe lake na kutukazia macho kama hatujapalilia mihogo. Nyumbani tulizungumza Kihangaza, lakini Bwana Shamba tulimsemesha Kiswahili, maana maofisa wote walisema Kiswahili. Mdogo wangu Skola hata shikamoo alimwamkia.

Kisha vita vikaja. Sabuni ikapotea dukani, sukari tukaisahau, na vijana wa mgambo wakachukuliwa kwa lori. Deo alikuwa mmoja wao. Kabla ya kupanda alituita mimi na Skola.

"Imelda, mtunzeni Bwana Shamba. Nikirudi nimkute."

"Utamkuta," mama akajibu kabla yetu, akageuka kwenda jikoni.

Tangu siku hiyo hakuna mtu nyumbani aliyetania tena habari za kumkaanga. Hakuna aliyelisema kwa mdomo, ila wote tuliamini kwamba samaki akiwa mzima, na Deo mzima. Baba, ambaye awali alimwita furu yule mlemavu wa akili kama Deo mwenye mali, sasa alipotoka kunywa rubisi alipitia hodhini kwanza kumchungulia.

Ndipo Bwana Shamba akaacha kula. Tulimpa minyoo, tukampa kumbikumbi ambao sisi wenyewe tuliwatamani, akajikunyata nyuma ya jiwe lake.

"Ana upweke," Skola akasema. "Tumtafutie wenzake."

Tulianza na furu wadogo wa kidole. Mawazo yetu yalikuwa kwamba mkubwa atawalea. Upweke ulimtoka mara moja. Aliwakimbiza kutoka ukingo hadi ukingo, akawang'ata mikia mpaka wakabanana kwenye kona wakitetemeka. Hakuwa muuaji, hilo nalisema kwa haki yake. Alikuwa mkorofi tu. Lakini samaki mwenye mkia uliochakaa haendi mbali, na tukaanza kuwaokota wakielea.

Tukasema labda anataka mtu wa rika lake. Tukamletea dume mwenzake, rangi ileile, ukubwa uleule. Walitazamana kidogo, wakatanua mapezi, kisha wakashikana midomo kama watu wawili wanaogombea filimbi moja. Walizunguka hivyo mpaka maji yakawa tope. Skola alilia, akawaamuru kwa Kiswahili waachane. Mwishowe nilimtoa yule mgeni kwa kikapu, nikamrudisha mtoni akiwa hana magamba ubavu mmoja.

Basi tukatafuta mpole. Tukampata kambale, mkubwa, mweusi, mwenye ndevu na utulivu wa mzee wa kanisa. Bwana Shamba alimng'ata, kambale hakujali. Alimng'ata tena, kambale akapiga miayo. Tukafurahi sana. Baadaye tukaona furu wadogo waliobaki hawapo, na ile miayo ikaanza kumgeukia Bwana Shamba mwenyewe. Ukubwa wa mdomo hatukuwa tumeufikiria.

Tuliokolewa na mvua. Ilinyesha asubuhi nzima, hodhi likafurika, na kambale, kama ilivyo desturi yao, akaamua kuhama. Alijiburuta kwenye matope akavuka uwanja, akaingia jikoni kwa jirani yetu, Mama Sesilia, ambaye tulikuwa hatusalimiani naye vizuri tangu mbuzi wetu walipokula maharage yake.

Mama Sesilia alikuja na kambale ndani ya ungo, ungo juu ya kichwa, mkia unaning'inia sikioni.

"Mama Deo," akasema, "samaki wako amekuja kurara kwangu. Nimemkuta kitandani kwa kuku."

Mama alitaka kukasirika, akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu lori lile liondoke hatukuwa tumemsikia akicheka. Mama Sesilia naye akatua ungo, akauliza samaki alikuwa anatafuta nini huko hodhini, nasi tukaeleza taabu yetu yote, Skola akionyesha kwa mikono jinsi ya kushikana midomo.

Mama Sesilia akasikiliza kwa makini kama yuko barazani.

"Mnawaleta kwa mtu ambaye keshajenga," akasema. "Ningeletwa mimi nyumbani kwako nikukute umekaa, ungenipenda? Tulipohamishiwa hapa tulishushwa wote siku moja. Hakuna aliyekuwa na kwake pa kumfukuzia mwenzake."

"Hata hivyo tuligombana," mama akasema.

"Tuligombana, lakini hatukung'atana mikia."

Kambale tulimla pamoja nyumba zote mbili, jioni ileile, na habari ya maharage haikutajwa.

Kesho yake tulimtoa Bwana Shamba tukamweka kwenye sufuria, jambo lililomtia mama wasiwasi kwa sababu baba alikuwa ametoka tu kuulizia chakula. Tukapindua mawe yote, tukaongeza mengine ili maficho yawe mengi kuliko samaki, tukahamisha majani upande wa pili. Kisha tukaenda mtoni kuchagua kwa akili. Si wadogo wa kuonewa, si wakubwa wa kumeza, wala si wa rangi yake. Tukachukua ningu kadhaa, warefu kidogo, wepesi, wenye kazi yao ya kulamba mawe. Tukawatia wote kwa mpigo, na Bwana Shamba nyuma yao.

Alikwenda moja kwa moja lilipokuwa jiwe lake, hakulikuta. Akazunguka. Akamkimbiza ningu mmoja, mwingine akapita mbele yake, akamwacha wa kwanza kumfuata wa pili, akatokea wa tatu. Hakujua amkaripie nani. Jioni tulipomwaga kumbikumbi alikula kwa haraka pamoja na wageni, akihofia watammalizia. Skola akakimbia kumwambia Mama Sesilia, akampita mama mlangoni.

Deo alirudi na lori jingine, amekonda, sauti imepungua. Watu walijaa uani wakitaka habari za vita. Yeye aliwasalimia wote, akaenda akachuchumaa kando ya hodhi. Alikaa hapo mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia, na mama akasimama nyuma yake bila kumgusa.

"Huyu mwembamba anaitwa nani?" hatimaye Deo akauliza.

"Hana jina," nikasema.

"Mpeni jina," akasema, kisha akaomba chakula.

Siku hizi mwanangu wa mwisho anafuga samaki huko Mwanza, kwenye sanduku la kioo lenye taa za rangi na mashine ya kupulizia maji hewa. Kabla ya kununua samaki huiuliza simu, nayo humwambia huyu mkorofi, huyu mpole, huyu asikae na yule. Hajawahi kwenda mtoni na ndoo, wala kuchapwa kwa kuchelewa kurudi. Nilipomtembelea alinionyesha kila mmoja, tabia yake, chakula chake, na hata nani hapendi kuangaliwa akila. Nilimsifu, kazi nzuri. Halafu ukutani nikasikia mtoto wa jirani analia, nikamuuliza hao wa upande ule ni akina nani.

"Sijui, mama. Wamehamia mwaka jana."

Nilimtazama, yeye akatazama samaki. Nikajifunga kitenge, nikakata chane moja ya ndizi nilizotoka nazo nyumbani Ngara, nikaenda kupiga hodi.