Mkaratusi Juu ya Barza

Nakumbuka asubuhi moja hapa Bunia, mwanangu, mvua ya upepo ilipokatika nikakuta mkaratusi wetu umeanguka juu ya barza ya mbele ya nyumba. Nilikuwa nimeoa karibuni. Barza hiyo niliijenga mwenyewe kwa mbao zilizoletwa kutoka Kpandroma, na niliionea fahari kuliko suti yangu ya harusi. Sasa nguzo mbili zilikuwa zimevunjika, manjanja, yale mabati ya paa, yamekunjamana, na shina limeziba mlango. Mke wangu alikuwa ndani, na mimba kubwa.

Aliniambia kupitia dirishani kwamba yeye ni mzima, nisikimbilie kazi. Sikumsikia, uchungu wa barza ulinizidi. Nikachukua shoka, nikasimama upande wa chini wa mteremko, nikaanza kupiga shina katikati.

Jirani yetu, mzee aliyepasua mbao maisha yake yote, akaja akaushika mpini.

"Petit, mdogo wangu, ukimaliza kukata hapo, weye utakimbilia wapi?"

Nikamjibu kwamba mti umekwisha kuanguka, hauwezi kuanguka mara ya pili.

"Ilianguka, lakini haiyalala bado. Angalia inaegemea nini."

Nikatazama. Uliegemea nguzo moja tu iliyobaki, ile ya kando ya mlango. Mapigo machache zaidi, na shina lingeviringika juu ya miguu yangu, nguzo ingeng'oka, na paa lingemshukia mke wangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu lilikuwa tayari mahali pake.

Tukafuata maneno ya mzee. Tulitegemeza paa kwa magogo, kisha tukakata matawi kuanzia nchani, tukisimama upande wa juu. Majirani wakaja na misumeno, hata yule niliyegombana naye juu ya mpaka wa kiwanja. Adhuhuri mke wangu akatoka.

"Aksanti, muzee," akasema. "Huyu bwana alitaka kunizalisha na shoka."

Walicheka mpaka nami nikacheka. Mbao za mti ule ndizo benchi ninayoikalia sasa. Kila nikikaa namshukuru Mungu kwa mkono wa yule mzee.

Basi mwanangu, jambo likiangukia nyumba yako, usianze kwa kulipiga. Tazama kwanza limeegemea nini, na nani yuko chini yake. Tegemeza paa, anza na matawi madogo, na usione haya kuita majirani. Mungu akupe barza pana, na jirani wa kukushika mkono kabla shoka halijashuka.