Kinga ya Dada Futi

Mtaa mzima ulimwita Dada Futi, kwa kuwa futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni hata siku ya kliniki. Asubuhi hiyo alikaa kwenye benchi, roho juu. Miaka tisa ya ndoa, mimba ya kwanza, miezi miwili sasa. Na siku nne tu zilizopita alimpima mtoto sare ya shule dukani kwake, uso kwa uso. Kesho yake mama wa mtoto akapiga simu: vile vipele si vya joto, ni rubela.

Kwa mtoto ni homa ndogo na vipele, basi. Kwa mimba changa ya mama asiye na kinga ni balaa: virusi vinaweza kumfikia mtoto tumboni, azaliwe kiziwi, au haoni vizuri, au ana kasoro ya moyo. Muuguzi hakumficha kitu alipomtoa damu.

"Dada, tulia, benchi litavunjika," muuguzi alisema akija na karatasi. "Una kinga, tena ya zamani. Ulichanjwa?"

Alichanjwa, ndiyo! Darasa la tano, baada ya kujificha chooni na kutolewa na mwalimu mkuu huku akipiga mayowe. Alimnunia mwalimu yule mpaka akamaliza shule. Leo angemwona angembusu mpaka miwani ianguke.

"Kwa hiyo mwanangu salama?"

"Kwa rubela, ondoa wasiwasi."

Alipiga vigelegele, foleni nzima ikadhani kuna aliyejifungua palepale. Furaha ilimzidi, akamkumbatia muuguzi.

"Haya, haya," muuguzi alisema akijinasua. "Siku ile dukani kulikuwa na mjamzito mwingine?"

"Hakuna," alijibu haraka. Kisha kicheko kikamkauka. Bibi harusi! Alikuja kujaribu gauni, akampakata mtoto yuleyule. Gauni liligoma kufunga: kiuno kimezidi inchi mbili ndani ya mwezi. Binti alisingizia keki huku akikwepa macho. Dada Futi aliachia mshono, akanyamaza, maana fundi hatangazi viuno vya wateja.

Akampigia simu palepale.

"Mdogo wangu, njoo kliniki sasa hivi. Gauni halina shida. Sikuulizi kitu, lakini kiuno chako nakijua, na damu yako ipimwe leo."

Upande wa pili kikasikika kilio.

"Dada, umemwambia mama?"

"Sijamwambia mtu. Nakusubiri getini."